Mavazi ya Siku ya Kukutana na Waajiri wa Marubani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa urubani, wakufunzi wa ndege ndogo, marubani wanaotaka kuhamia shirika kubwa zaidi na wanajeshi wanaokaribia kuvua magwanda. Ukiwa na haraka, soma jibu la kwanza na lile la viatu. Mengine utayarudia unapopiga pasi.

## Mambo ya msingi

Kwa kifupi, nivae nini?

Suti ya buluu iliyokoza au kijivu kilichokoza, shati jeupe la mikono mirefu, tai ya rangi tulivu, viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kwa kamba, mkanda mweusi na soksi nyeusi ndefu. Kwa mwanamke ni suti ya suruali au sketi ya rangi hizo hizo, blauzi au shati la rangi nyepesi, na viatu vilivyofunga vidole vyenye kisigino kifupi. Nguo iwe safi, imenyooshwa na inakukaa vizuri.

Mavazi haya yanakubalika kwa shirika lolote la ndege, liwe la safari fupi za ndani, la mizigo au la safari za mabara. Hakuna afisa ajira atakayekushangaa kwa kuvaa hivyo.

Si wanaangalia saa za urukaji na leseni? Nguo zina uzito gani?

Saa, leseni na cheti cha afya ndivyo vinavyoamua kama jina lako litaingia kwenye orodha. Lakini mezani pale anayekupokea ana dakika chache tu, nyuma yako kuna foleni, na mara nyingi yeye mwenyewe ni rubani: kapteni au rubani msaidizi aliyejitolea siku yake kuja kuongea na watu. Anajiuliza kama angependa kukaa chumba kimoja cha rubani na wewe siku nne mfululizo, na kama abiria wangetulia wakikuona umesimama mlangoni.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalipa uzito zaidi. Kazi yetu ni ya taratibu. Kila safari ina orodha ya ukaguzi, na mtu makini huifuata hata akiwa amechoka. Uzi unaoning'inia, kola iliyokunjika upande mmoja, kiatu kilichopakwa dawa mbele tu huku nyuma kimepauka: macho ya mtu aliyezoea kukagua ndege huyaona hayo yote kabla hujafungua mdomo.

Heshima hii ya mavazi ina historia. Katika miaka ya 1930 shirika la Pan American liliwavalisha marubani wa ndege zake zilizotua majini sare za mtindo wa maafisa wa meli, ili abiria waliouogopa usafiri mpya waone nidhamu waliyokwisha kuizoea baharini. Tepe nne za kapteni na tatu za rubani msaidizi, ambazo mashirika mengi yanazitumia hadi leo, ni urithi wa wakati huo. Anayekuhoji anajaribu kukuona ndani ya sare hiyo. Msaidie.

Tangazo linasema mavazi ya kazini yasiyo rasmi sana. Bado nivae suti?

Fuata tangazo. Likisema hivyo, vaa suruali ya kitambaa, shati la kola na koti, bila tai. Tai ikunje, iweke mfukoni. Ukikuta wengi wamevaa, utaifunga msalani. Likisema waziwazi kwamba suti hazitakiwi, usivae suti, kwa sababu kufuata maelekezo nako kunatazamwa. Tangazo likiwa kimya, vaa suti.

Maonyesho ya ajira, siku ya wazi na usaili: mavazi ni yale yale?

Karibu yale yale. Mikutano ya kila mwaka ya vyama vya watu wa usafiri wa anga, kama Women in Aviation International, chama cha wanawake wa fani hiyo, au OBAP, chama cha wanataaluma weusi wa usafiri wa anga kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, huwa na ukumbi wa mashirika ya ndege, na hutokea mtu akatoka mezani akiwa na miadi ya usaili. Kwa hiyo usije na mavazi ya kuzungukazunguka ukitegemea kwamba suti utaitoa siku ya usaili. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye maonyesho utasimama na kutembea kutwa nzima, na hilo linagusa zaidi viatu na begi.

## Suti, shati, tai na viatu

Suti nyeusi inafaa?

Kama ndiyo uliyo nayo na inakukaa, ivae bila wasiwasi. Kama unanunua, chagua buluu iliyokoza. Nyeusi ikiunganishwa na shati jeupe na tai nyeusi huleta sura ya msiba au sherehe ya usiku, na chini ya taa za ukumbi huonyesha kila kinyuzi. Rangi ya udongo, mistari minene na vitambaa vinavyong'aa viache kwa siku nyingine.

Sina pesa ya suti nzuri. Nifanyeje?

Swali hili naliheshimu, kwa sababu mafunzo ya urubani huwa yameshamaliza akiba ya mtu na ya familia yake. Jibu ni kwamba mkao wa nguo hushinda bei yake. Suti ya mtumba au ya kuazima iliyopita kwa fundi cherehani mzuri hupendeza kuliko ya gharama iliyovaliwa kama ilivyotoka dukani.

Ukijaribu koti, anza na mabega. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Mabega yakiwa makubwa liache, maana kuyarekebisha ni kulifumua koti zima. Kiuno, urefu wa mikono na urefu wa suruali ni kazi ndogo kwa fundi. Mkono wa koti uishie kwenye kifundo cha mkono, na shati lichungulie kidogo. Suruali iguse kiatu bila kujikunja mikunjo miwili mitatu juu yake.

Halafu kaa. Wengi hujipima wakiwa wamesimama mbele ya kioo, wakati usaili hufanyika kwenye kiti. Ukikaa, shati lisiachane kati ya vifungo, suruali isipande hadi miguu ionekane, na koti lisikukabe mabegani unaponyoosha mkono mbele.

Suti ikiwa mpya, geuza koti uangalie mpasuo wa nyuma. Utaona uzi mweupe au mweusi umeshonwa kwa alama ya X kuushikilia usifunguke. Uzi huo ni wa kiwandani, ukate. Kata pia kitambaa chenye jina la mtengenezaji kilichoshonwa nje ya mkono, ikiwa kipo. Watu huhudhuria mchana kutwa na alama hizo mgongoni na hakuna anayewaambia. Na kifungo cha chini kabisa cha koti hakifungwi. Ukikaa, fungua vyote.

Ukiweza kuchagua kitambaa, chagua sufu nyepesi au mchanganyiko wenye sufu nyingi. Haishiki mikunjo haraka na inapitisha hewa.

Shati lazima liwe jeupe?

Samawati hafifu inakubalika. Jeupe ndilo shati la sare ya marubani wengi, kwa hiyo linamsaidia mtazamaji kukuona ukiwa kazini. Vaa fulana nyeupe ya ndani yenye shingo isiyochungulia kwenye kola, itameza jasho. Piga pasi kola na mikono hata kama koti litafunika vingine, na usije na shati la mikono mifupi ndani ya suti.

Tai ya namna gani?

Rangi moja, au mistari na nukta ndogondogo. Ncha iguse bizimu ya mkanda. Usivae tai yenye picha za ndege. Pia angalia usije ukaenda kwenye meza ya shirika fulani ukiwa na tai, kamba ya kitambulisho au kalamu yenye nembo ya mshindani wake. Hupatwa na hili hasa wanaokusanya zawadi ndogondogo kwenye meza za kwanza na kuzivaa wakielekea za mwisho.

Na viatu?

Hapa ndipo ningekuomba uweke nguvu zako. Viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, visivyo na nakshi nyingi. Visiwe vipya siku hiyo. Vivae nyumbani kwa wiki moja au mbili kabla, kwa sababu utasimama kwenye foleni moja hadi saa nzima juu ya sakafu ngumu, kisha uhamie foleni nyingine, na mtu anayeumwa kisigino huonekana usoni.

Vipake dawa usiku wa kuamkia siku hiyo. Ondoa kamba kwanza, pitisha brashi kavu, paka dawa kidogo kwa kitambaa, acha ikauke, kisha sugua. Halafu kigeuze kiatu uangalie ukingo wa soli na nyuma ya kisigino, sehemu ambayo wewe huioni ukivaa lakini aliye nyuma yako anaiona tangu mlangoni. Kisigino kilicholika upande mmoja mpelekee fundi viatu; ni kazi ya dakika chache.

Mkanda ufanane na viatu. Soksi zifike juu ya nusu ya muundi.

## Maswali ya wanawake

Suruali au sketi?

Yoyote kati ya hizo. Suti ya suruali ina faida ya wazi: ukitembea, ukipanda ngazi za jukwaa au ukikaribishwa kujaribu simuleta (mashine ya kuigiza urukaji), huna la kufikiria. Sketi ikae kwenye goti au chini yake hata unapokuwa umeketi.

Zamani wanawake wengi walilazimika kubuni mavazi yao kwa kutazama suti za wanaume, kwa vile waliokuwa mbele yao walikuwa wachache. Hulazimiki. Suti ya kike iliyokatwa kwa ajili ya mwili wako ina heshima ile ile, na shati la kola halihitaji tai.

Visigino je?

Vifupi na vipana, au viatu bapa vya ngozi. Sababu ya kusimama muda mrefu nimeieleza kwenye jibu la viatu hapo juu. Kisigino chembamba pia hakikai sawa kwenye pedali za ndege, na marubani walio mezani wanalijua hilo.

Vipodozi, kucha na vito?

Vya kadiri. Hereni ndogo za kubana sikio, rangi ya kucha moja tulivu isiyobanduka, pete moja au mbili. Bangili zinazogongana hukatiza maongezi.

## Nywele, ndevu, tattoo na mavazi ya dini

Ninyoe ndevu?

Kwa siku hiyo, nashauri unyoe, au ubaki na masharubu yaliyopunguzwa vizuri, isipokuwa ndevu zako ni za imani au za sababu ya kiafya.

Chimbuko la katazo la ndevu kwenye mashirika ya ndege ni barakoa ya oksijeni. Barakoa ya rubani wa ndege kubwa imeundwa avae kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5, na inapaswa kushika uso bila kuvuja. Kwa miongo mingi iliaminika kwamba ndevu zinaharibu mshiko huo. Mwaka 2018 watafiti wa Simon Fraser University nchini Kanada waliwapima watu wenye ndevu wakiwa na barakoa hizo kwenye chumba cha shinikizo la chini na hawakukuta madhara, na Air Canada ikaruhusu marubani wake kufuga ndevu fupi. Mashirika mengine yameendelea na katazo lao. Soma kanuni ya shirika unaloliendea. Likiruhusu, ndevu fupi zilizochongwa vizuri hazina shida.

Nywele zangu ni za asili, nimesuka au nina rasta. Nizikate?

Usizikate kwa ajili ya maonyesho. Zifunge nyuma, ziwe safi, ziache uso wazi, na zisizuie kuvaa kofia ya sare au vifaa vya masikioni. Mitindo iliyofungwa chini, karibu na shingo, hukaa vizuri zaidi kuliko fundo la utosini. Ukipewa kazi, kanuni za shirika zitakueleza mipaka yake.

Nina tattoo. Nizifiche?

Ndiyo, kwa siku hiyo, kama nguo inaweza kuzifunika. Jaribu hivi: vaa shati la mikono mifupi la kola ujitazame, maana sare za msimu wa joto huwa hivyo. Kinachoonekana hapo ndicho shirika litakuuliza. Ukiulizwa sema kweli, kwa kuwa utapigwa picha na kupimwa sare baadaye.

Msimamo unalegea taratibu. Air New Zealand iliruhusu tattoo zinazoonekana mwaka 2019, zikiwemo zile za jadi ya Wamaori. Yapo mashirika yasiyokubali kabisa yoyote inayoonekana, hivyo fanya utafiti kabla ya kusafiri. Vipini vya pua, nyusi na ulimi vitoe.

Navaa hijabu au kilemba. Itaniathiri?

Vaa kama kawaida yako. Chagua rangi moja inayokwenda na suti, kitambaa kisichoteleza, na ukifunge kisihitaji kurekebishwa kila baada ya dakika chache. Sare mpya ya British Airways ya mwaka 2023 ina hijabu ndani yake, na marubani wa Kisikh wenye vilemba wamo kwenye vyumba vya rubani miaka mingi. Swali halali la mwajiri ni kama utavaa barakoa na vifaa vya masikioni ipasavyo. Lifanyie mazoezi, uwe na jibu.

## Sare

Tayari ni rubani wa shirika dogo. Niende na sare yangu?

Hapana. Sare ni ya mwajiri wako, na ukiivaa unatafuta kazi kwingine unakuwa umemsemea bila ruhusa yake. Waajiri wengi wanakataza jambo hilo kwa maandishi. Pia meza unayoiendea itajiuliza kama siku moja utafanya hivyo ukiwa na sare yao. Ukitoka kazini moja kwa moja, beba suti ubadilishe.

Mwanafunzi wa chuo cha urubani je?

Tukio likiwa limeandaliwa na chuo na wote mmeagizwa kuvaa sare, vaeni sare, tepe zikiwa zile mlizostahili na si zaidi. Nje ya hapo vaa suti.

Niko jeshini bado.

Suti ya kiraia. Majeshi mengi yana kanuni dhidi ya kutumia sare kwa maslahi binafsi, ikiwemo kutafuta kazi ya kiraia. Pini ndogo ya mabawa kwenye ukosi wa koti inatosha kufungua maongezi, na uzoefu wenyewe uko kwenye wasifu wako. Rubani wa kiraia naye anaweza kuvaa pini ya namna hiyo. Moja tu.

## Vya kubeba na vya kupaka

Begi gani?

Faili la ngozi au mkoba mwembamba wa kushika mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki huru kwa kusalimiana. Ndani weka nakala za wasifu zisizokunjwa, kalamu mbili, nakala za leseni na cheti cha afya, na kitabu cha kumbukumbu za urukaji kama kimetajwa. Begi la mgongoni hukunja mabega ya koti na huwagonga watu kwenye foleni. Kama ukumbi una chumba cha kuhifadhi mizigo, liache huko.

Kadi ya jina ibandike upande wa kulia wa kifua. Mtu akikupa mkono, jicho lake hufuata mkono huo na kukutana na jina lako.

Manukato?

Usipake, au paka kidogo mno. Oga, tumia kizuia jasho, basi. Chumba cha usaili ni kidogo, na chumba cha rubani ni kidogo zaidi.

## Hali zisizo za kawaida

Nasafiri kwa ndege kwenda huko. Suti niiweke wapi?

Ibebe ndani ya ndege, pamoja na viatu, shati na tai. Mzigo ukichelewa, utakuwa na kila kitu. Geuza koti ndani nje, ingiza bega moja ndani ya jingine, ukunje mara moja juu ya nguo laini. Ukifika, litundike bafuni wakati maji ya moto yanatiririka. Mvuke utalegeza mikunjo midogo. Na usisafiri umevaa kihuni: kwenye njia ya kuelekea ukumbini, abiria wa kiti cha jirani anaweza kuwa ndiye utakayemkuta mezani.

Kuna joto kali. Nivue koti?

Likunje mkononi ukiwa njiani, ulivae kabla ya mlango, na ubaki nalo mezani. Ukialikwa kuvua, vua. Mikono ya shati usiikunje.

Nimemwagikiwa na kahawa asubuhi hiyo hiyo.

Ndiyo maana unabeba shati la pili. Kama huna, bonyeza doa kwa kitambaa chenye maji baridi bila kusugua, kisha funga koti. Ukiona linaonekana bado, usilieleze. Ongea kuhusu kazi.

Mimi ni mjamzito na suti haifungiki.

Vaa koti likiwa wazi juu ya gauni au suruali ya uzazi ya rangi iliyokoza, na viatu bapa. Huna deni la maelezo kwa mtu yeyote mezani. Waandaaji wakiombwa kiti kwa ajili ya foleni hukitoa.

Usaili una kipindi cha simuleta. Nibadilishe nguo?

Kwa kawaida unaingia na suti, unavua koti na kulitundika. Hakikisha shati halichomoki unaponyoosha mkono kufikia swichi za juu, jambo la kujaribu nyumbani ukiwa umekaa. Ondoa simu na funguo mifukoni. Soli nyembamba zinakupa hisia nzuri ya pedali. Soli nene za mpira zinaipunguza.

Hatua ya kwanza ni kwa video. Chini nivae nini?

Suruali ya suti na viatu. Utaombwa kusimama kurekebisha taa, au utasimama mwenyewe kufuata hati uliyoisahau. Shati jeupe mbele ya ukuta mweupe humeza uso, basi vaa koti na utafute ukuta wenye rangi kidogo. Weka taa mbele yako na kamera kwenye usawa wa macho. Jirekodi dakika mbili siku moja kabla uangalie kola, kwa sababu kipaza sauti kilichobanwa kwenye ukosi huivuta upande.